Mwaka wa Kwenda Kinyumenyume

Nafula alikataa kupanda ngazi zangu. Alishuka kwenye gari la bintiye hapo langoni kwangu, huku ninakoishi Murera, akaja polepole na fimbo yake hadi mbele ya nyumba, akazitazama ngazi za baraza kutoka chini hadi juu, kisha akaniambia, "Nyokabi, nani alikudanganya ujenge nyumba juu ya mti? Mimi nileteeni kiti hapa chini." Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi, tangu yeye na mumewe Barasa walipohama Ruiru kurudi kwao Bungoma, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake tukaanza kwa kubishana. Nilimweleza kwamba kiwanja kina mteremko na fundi hakuwa na njia nyingine. Akasema magoti yake hayajui habari za fundi. Basi kiti kikaletwa, meza ndogo ikafuata, na mimi niliyekuwa nimefua vitambaa vyote vya sebuleni kwa ajili yake nikajikuta nakunywa chai uani, kuku wakipita katikati ya miguu yetu.

Tulizungumza habari za Barasa, aliyefariki mwaka juzi. Sikuweza kwenda kumzika kwa sababu nilikuwa nimelazwa, na hilo liliniuma, nikamwambia liliniuma. Nafula akachovya mkate kwenye chai, kisha akauliza, "Na lile bwawa letu?" Nikamwambia limebaki nusu. Upande wa mikaratusi umekatwa ploti, kuna maghorofa sasa, na maji yaliyobaki yamezungushiwa ukuta. "Na tyubu?" akauliza. Hapo tukacheka wote wawili, tukacheka mpaka bintiye akaacha simu yake na kutaka kujua ni tyubu gani hiyo. Nafula akamwambia, "Muulize huyu. Ni yeye alikuwa anakaa ndani yake mwaka mzima kama mayai ndani ya kiota."

Nitasimulia mwaka huo tu. Nilizaliwa na nani na nilisoma wapi, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda, Thika, na nilikuwa na mashine yangu ya kusokota uzi niliyoijua sauti yake hata ikiwa katikati ya nyingine zote. Siku moja nilipita ghalani kumsalimia mtu, marobota ya pamba yakaporomoka, na nikalala chini yake. Hakuna wa kulaumiwa, nilishachoka kumtafuta. Goti la kulia lilivunjika pamoja na mfupa ulio chini yake. Plasta ilipokatwa ulitokea mguu ambao sikuutambua, mwembamba, mweupe kwa ukavu, goti limekaza, na wayo unaoning'inia mbele kana kwamba umesinzia. Nilikuwa nikiuambia uinuke nao hauinuki.

Msimamizi wetu, Bwana Kariuki, alikuja kuniona hospitalini na mkungu mdogo wa ndizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akapangusa kofia yake kwa kiganja, akasema alichokuja kusema. Chumba cha kusokotea uzi kilikuwa juu, na njia ya kufika huko ilikuwa ngazi moja ya chuma, nyembamba, yenye vipandio vilivyochongoka ukingoni. "Ngazi unaijua," aliniambia. "Siku utaipanda bila fimbo, mashine yako iko. Nitakungoja mpaka tufunge kwa Krismasi. Baada ya hapo, Nyokabi, nitaweka msichana mwingine, na usinichukie." Nikamwambia sitamchukia kwa sababu hataweka mtu. Nilisema hivyo nikiwa siwezi hata kufika chooni peke yangu. Lakini nilijua vizuri kilichokuwa upande wa pili. Nyumbani Gatanga kaka yangu alikuwa tayari ameninunulia kitanda cha kuweka jikoni, na mkewe alikuwa amewaambia majirani kwamba sasa amepata mtu wa kumenya viazi. Walikuwa na nia njema. Ile nia njema ndiyo iliyoniogopesha, kwa sababu niliona wazi nitakavyozeekea jikoni mwao, nikishukuru kila siku.

Chumba nilichokuwa nikikaa Thika kilikuwa ghorofani, kwa hiyo wenzangu wa kiwandani walinihamishia Ruiru, kwenye ploti ya Mama Njoki pembeni kabisa mwa mji, mahali nyumba zilipokuwa zikiishia na kahawa kuanza. Vilikuwa vyumba vya mbao vilivyopangwa mstari mmoja, mabati juu, simiti chini. Kuta za ndani niliziba kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, na bado jua la asubuhi lilipenya kwenye matundu ya misumari na kutua juu ya blanketi. Nilikuwa na kitanda, jiko la makaa, sufuria mbili, beseni, na kiti kimoja nilichokitumia kama meza. Ukuta kati yangu na Mama Njoki ulikuwa wa kuonyesha tu kwamba kuna ukuta. Nilisikia akipika, nilisikia akisali, nilisikia akijikuna. Na siku chache baada ya kuhamia nilimsikia akimwambia mgeni wake, "Ni kasichana kazuri, na kana heshima. Lakini huo mguu umeisha. Mwaka ukiisha watu wake watakuja kukachukua." Mgeni akasema labda kuna daktari Nairobi. Mama Njoki akajibu, "Daktari afanye nini? Mguu si shati ati utie kiraka."

Nililala pale nikitazama gazeti la ukutani na nikakasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Wamama wa kanisa walikuja kuniombea na niliwashukuru kwa moyo wote, lakini kilichonitoa kitandani ni ile hasira. Nilianza kutembea kwenye veranda, kutoka mlango wangu hadi bombani na kurudi, fimbo mkono mmoja na mwingine ukutani. Kufikia jioni goti lilikuwa limevimba na siku ya pili siwezi kulikanyagia. Nikapumzika, likapoa, nikaanza tena, likavimba tena. Mama Njoki alikuwa akipita na ndoo yake akisema, "Pole, mami," na kila pole yake niliihesabu kuwa tusi.

Nafula alikaa chumba cha mwisho, karibu na kahawa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, na mumewe Barasa alikuwa dereva wa trekta katika shamba la kahawa lililopakana nasi. Jumamosi moja alasiri nilimwona Barasa akipanda kutoka bondeni, ovaroli imelowa mpaka kifuani, begani amebeba tyubu ya gurudumu la lori iliyojazwa upepo, na mkononi tilapia kadhaa waliofungwa kwa ukindu. Katikati ya tyubu alikuwa amefunga kamba za kukingama na juu yake kipande cha gunia, kiti cha kukalia. Nilikuwa nimeegemea nguzo ya veranda, goti likiwaka. Nikamuuliza, "Baba, ukiwa huko majini, miguu inafanya nini?"

"Inapiga tu," alisema. "Mtu anakaa, miguu inapiga maji."

"Anakaa?"

"Si unaona kiti? Anakaa."

Nikamwambia anipeleke. Barasa akacheka. Nafula, aliyekuwa akipara samaki mlangoni, hakucheka. Alininyooshea kisu na kumwambia mumewe, "Mpeleke."

"Na akizama?"

"Wewe ni mzito kumshinda na hujazama bado. Mpeleke."

Bwawa lenyewe lilikuwa la shamba, la kunyweshea kahawa, si kubwa. Mtu mwenye mapafu mazuri angeweza kumwita mwenzake ng'ambo na akasikika. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa udongo na pampu, upande mwingine matete, na juu kidogo ya mahali tulipokuwa tukiingilia kulikuwa na mkaratusi mmoja mkubwa uliosimama mbali na wenzake. Wafanyakazi waliruhusiwa kuvua mwisho wa juma, na Barasa alimwendea nyapara na kumwambia mimi ni shemeji yake. Nyapara aliniangalia pua, akamwangalia Barasa, akasema familia yao ni kubwa. Siku ya kwanza nilivaa ovaroli ya Barasa, nimeikunja mikono na kuifunga kiunoni kwa kitenge cha Nafula. Sikujua kuogelea. Barasa alifunga tyubu kwa kamba na akaishika kamba ile ukingoni, akanisukuma kwa mguu wake, nikaelea. Maji yalikuwa baridi mpaka nikasahau kuvuta pumzi. Kisha nikatambua kwamba goti haliumi. Lilikuwa limening'inia chini yangu bila kubeba kitu chochote. Nililia kidogo, na kwa kuwa nilikuwa nimempa Barasa mgongo, hakuona.

Alikuwa amenitengenezea viatu vya kuogelea kwa mpira wa tairi, ule ule wa kutengenezea ndala za akala, isipokuwa hivi alivikata vipana mbele, karibu upana wa sahani, na kuvifunga miguuni mwangu kwa blada, vipande virefu vya tyubu kuukuu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kwenda mbele. Niliuona upande wa pili wa bwawa, nikaelekeza macho huko, nikapiga miguu, na tyubu ikanirudisha nilikotoka. Nikapiga kwa nguvu zaidi, nikarudi kwa kasi zaidi, nikagonga ukingo. Barasa alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Hiyo kitu haiendangi mbele," alisema alipoweza kusema. "Ukirusha mguu mbele, unaenda nyuma. Wewe geuka, upe pale unaenda mgongo. Angalia pale umetoka." Nikageuka, nikapiga tena. Sasa nilikwenda, lakini kwa kuzunguka, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa ukifanya kazi na wa kulia ukiangalia. Nilizunguka mpaka kichwa kikaniuma. Barasa akanionyesha ule mkaratusi. "Uweke mbele ya macho. Ukitoka mbele ya macho, ujue kuna mguu unakudanganya."

Sijawahi kukutana na mwalimu mwingine mkali kama mti ule. Kwenye veranda niliweza kujidanganya, nikaegemea fimbo kidogo, nikaegemea ukuta kidogo, nikajiambia leo nimetembea. Majini hapakuwa na cha kuegemea. Mguu wa kulia ukizembea kidogo tu, mkaratusi ulianza kutembea kwenda pembeni, na nikajua. Nilikuwa nikiutukana mguu kwa Kikuyu, kwa sauti, kwa sababu nilidhani hakuna anayesikia. Baadaye Nafula aliniambia wachuma kahawa walikuwa wakisimama kusikiliza.

Mwanzoni sikuwa na haja ya samaki. Barasa ndiye aliyesema mtu hawezi kukaa majini jioni nzima mikono mitupu kama aliyefukuzwa kwake, akanipa uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kopo, ndoano, na mnyoo wa chambo. Hakutaka nirushe. Nilitakiwa kuuacha uzi utangulie mbele yangu, mnyoo ukishuka karibu na tope, kisha nirudi kinyumenyume polepole kando ya matete, nikiuburuta. Samaki anaona chakula kinamkimbia, anakifuata. Ukienda haraka anakata tamaa, ukisimama anashtuka. Ilibidi miguu yote miwili ipige sawa, kidogo kidogo, bila kusita, mpaka giza lianze kuingia, kwa sababu wakati ule ndipo wakubwa wanapotoka kula. Kwa hiyo nilipokuwa nikidhani nafundishwa kuvua, nilikuwa nafanyishwa zoezi ambalo hakuna nesi angeweza kunilazimisha kulifanya hata robo yake.

Tilapia wangu wa kwanza walikuwa wadogo, na niliwabeba kwa majivuno kupita mlango kwa mlango. Niliamua kumpikia Nafula ili nimshukuru. Mimi nililelewa kwenye githeri na nyama ya mbuzi. Kwetu samaki hakuwa mtu wa kuingia sufuriani. Nikafanya nilichojua. Niliweka mahindi na maharagwe, nikatia wale tilapia chini ili waive vizuri, nikafunika, nikachochea makaa, nikaacha vichemke pamoja mpaka maharagwe yalainike, kama ambavyo ungefanya kwa kwato. Nafula alikuja, akakaa kwenye kitanda, nikampakulia. Akageuza geuza kwa kijiko.

"Samaki wako wapi?"

"Hata mimi nawatafuta."

Walikuwa wameisha kabisa. Kilichobaki ni miiba, na miiba yenyewe ilikuwa imejipanga ndani ya githeri yote hivi kwamba hakuna kijiko kilichokuwa salama. Nafula akaweka kijiko chini. "Nyokabi, kwani samaki ni mbuzi?" Tulikaa tukichambua punje kwa punje, tukila kwa woga, na kutoka ng'ambo ya ukuta Mama Njoki, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema, "Si niliwaambia hiyo ni nyoka. Imerudi kwa maji." Jumamosi iliyofuata Nafula alinikalisha jikoni kwake na kunifundisha. Samaki akaangwe kwanza kwenye mafuta mpaka ngozi ikaze, ndipo kitunguu, ndipo nyanya, ndipo maji kidogo tu, na usimguse guse. Alinipa mkia, kwa sababu mkia una miiba michache na mimi nilikuwa mwanafunzi. Ugali wake ulikuwa mgumu wa kukatwa kwa uzi. Nimekula katika hoteli nzuri tangu wakati huo, harusini na kwingine, na bado mlo ninaoukumbuka nikiwa na njaa ni ule wa chumba cha mwisho, mvuke ukipanda, Barasa akinyonya kichwa cha samaki.

Maneno hayakukosekana. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniambia kwa upole kwamba si vizuri mwanamke kuonekana amevaa ovaroli ya mume wa mtu, tena ndani ya maji. Nafula, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia ovaroli ni yake, yeye ndiye huifua. Julai ilipofika na ukungu wake, maji yalikuwa ya kuuma mifupa, goti likakaza tena, na nilikaa ndani muda mrefu nikisikia Mama Njoki akiwaambia watu kwamba alijua. Ruba walikuwa wameniachia madoa miguuni. Mwenzangu mmoja wa kiwandani alikuja kunitembelea, akala, akacheka, na alipokuwa akiondoka akasema, huku akitazama pembeni, kwamba kuna msichana anafundishwa kwenye mashine yangu. Anafundishwa tu, alisema, bado hajapewa. Jumamosi ile kulikuwa na manyunyu. Nilimgongea Barasa mlango nikiwa nimeshavaa viatu vya tairi.

"Kuna baridi, shemeji," alisema.

"Samaki nao wanaisikia?"

Alivaa koti, tukashuka. Siku hiyo nilimwambia aifungue kamba. Alisita, akamwangalia Nafula aliyetufuata kwa nyuma na mwavuli, kisha akaifungua. Nilikwenda kinyumenyume kutoka ukingoni hadi kwenye ukuta wa pampu, na mkaratusi haukutikisika.

Kambare alinishika wakati wa mvua za vuli. Nilikuwa nikimburutia utumbo wa kuku karibu na matete, jua limeshazama nyuma ya kahawa, na uzi ukasimama. Nilidhani nimenasa kisiki. Kisha kisiki kikaondoka. Kilinigeuza na tyubu yangu, kikaanza kunivuta kuelekea kwenye matete, na nilijua akiingia humo nitampoteza pamoja na uzi wote. Sikuwa na pa kukanyaga. Kitu pekee cha kumzuia kilikuwa miguu. Nikalala nyuma kwenye gunia nikapiga, nikapiga kwa miguu yote miwili, na nikausikia mguu wa kulia ukisukuma maji mazito chini yangu kama mguu wa mtu mzima mwenye afya. Uzi ulinikata viganja. Barasa alikuwa akipiga kelele ukingoni, mara niachie, mara nisiachie. Nilikuwa nautazama mkaratusi, ambao ulitoka mbele ya macho yangu, nikaurudisha, ukatoka, nikaurudisha. Giza lilikuwa karibu kuingia nilipogusa ukuta wa pampu kwa mgongo, na Barasa, aliyekuwa amezunguka bwawa mbio, akaingia majini na viatu vyake akamkumbatia yule kambare kifuani. Alikuwa na ndevu na kichwa kipana, na urefu wa mkono wangu wote.

Ploti nzima ilikula jioni hiyo. Mama Njoki alisema yeye hali nyoka, ila ataleta sahani aonje mchuzi tu, kwa heshima. Akaonja mchuzi. Akasema mchuzi hauna makosa. Akaomba tena, na safari hii kijiko kilikuwa kimeingia na kipande, naye hakukirudisha. Nilimwona akitafuna taratibu, macho yameelekea ukutani. Baadaye, nilipokuwa nimelala, nilimsikia akisali ng'ambo ya mbao, na ndani ya sala ile nikasikia jina langu na mguu wangu. Hakuwa akiuaga tena. Alikuwa akiuombea kazi.

Nilikwenda Thika wiki ya mwisho kabla ya kiwanda kufungwa kwa ajili ya Krismasi. Barasa na Nafula walinipeleka mpaka langoni, Nafula akiwa amenisuka nywele na kunivalisha sketi yake ya kanisani iliyofungwa pini pande zote. Fimbo nilimwachia askari wa mlangoni. Nilitembea uwanjani nikichechemea, lakini nilitembea. Ilikuwa saa ya chai, mashine zimezimwa, na wasichana walikuwa wamejaa juu ya ngazi wakitazama chini. Miongoni mwao niliona mmoja nisiyemjua, na nikajua ni yeye. Bwana Kariuki alitoka ofisini, akavaa kofia yake, akasema, "Haya, Nyokabi."

Nilishika chuma, nikapandisha mguu mzuri. Nikauita wa kulia uje. Nguvu ulikuwa nayo, paja lilikuwa jiwe, lakini ule wayo uliosinzia haukuwahi kuamka, wala hauamki mpaka leo, na ncha ya kiatu ikanasa chini ya ukingo wa kipandio. Nikaurudisha nikajaribu tena, ukanasa tena. Mara ya tatu nilivuta kwa hasira, nikaanguka, nikagonga goti lile lile kwenye chuma. Nilisikia Bwana Kariuki akishusha pumzi nyuma yangu. "Nyokabi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli, "nenda nyumbani. Hakuna aibu." Niliiona jikoni ya kaka yangu. Niliviona mpaka viazi.

Nikasimama. Nikageuka, nikaipa ngazi mgongo, nikashika chuma pande zote mbili. Nikapandisha kisigino cha mguu mzuri nyuma, kikapata kipandio, nikajisukuma juu, na mguu wa kulia ukafuata, kisigino kwanza, wayo ukijiburuta nyuma yake bila kugusa kitu. Hakuna kilichonasa. Nikapanda kingine. Bwana Kariuki alikuwa amesimama chini, mdomo wazi kidogo, nami nikamweka mbele ya macho yangu mahali pa ule mkaratusi na kuhakikisha hatoki hapo. Alizidi kuwa mdogo. Niliona kofia yake, kisha mabega, kisha uwanja wote, lango, na nje ya lango mwanamke mkubwa na mwanamume wa ovaroli wameshikana mikono. Mgongo wangu ulipogusa mikono ya wasichana nilijua nimefika.

Bwana Kariuki alivua kofia, akakuna kichwa. "Nilisema upande bila fimbo," alisema kutoka chini, polepole. "Hiyo umefanya. Sasa utashukaje?"

"Kazi ikiisha ndiyo nitashuka," nikamwambia, nikaenda kwenye mashine yangu.

Nilifanya kazi pale miaka mingi, mpaka kiwanda kilipofungwa kabisa, na kila siku nilipanda ngazi ile kwa njia ile. Wageni walikuwa wakishangaa, wenyeji wakaacha kuona. Yule msichana alipewa mashine iliyo jirani na yangu, tukawa marafiki. Huko bwawani niliendelea kwenda na Barasa mpaka walipohama.

Nilipomaliza kumsimulia binti ya Nafula hayo yote, wingu lilikuwa limekusanyika upande wa Theta na upepo ulianza kurusha kitambaa cha meza. Matone ya kwanza yalidondoka kwenye chai. Binti akachukua meza, mimi nikachukua vikombe, na Nafula akabaki ameketi, akiziangalia ngazi za baraza kwa chuki. "Nipelekeni kwa gari," alisema. "Hapo sipandi."

Niliweka vikombe chini. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikamwinua, nikamgeuza kwa mabega mpaka akazipa ngazi mgongo. Mkono wake mmoja nikauweka kwenye chuma cha kando ya ngazi, mwingine nikaushika mimi. "Angalia lango," nikamwambia. "Ukiona lango linaenda kando, ujue kuna mguu unakudanganya."

Alinitazama, na nikaona ameisikia sauti ya mumewe. Macho yake yalijaa maji. Kisha akarudisha kisigino nyuma, akakipapasa kipandio, akakipata, akapanda. Akapanda kingine. Mvua ilikuwa imetushika vizuri tulipofika juu, tumelowa, naye anahema na kucheka huku anafuta uso kwa leso.

"Haya, nimepanda," alisema, akiangalia chini. "Na kushuka, Nyokabi?"

"Nani amekwambia unashuka leo?" nikamuuliza, nikafungua mlango.